Thelathini za Kitambaa

Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha fizikia katika shule moja ya sekondari pale Ujiji. Mada ya kanieneo, yaani presha, nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuifundisha huku nikiwaza mboga ya jioni, na nikisema kweli, mara nyingi ndivyo ninavyoifundisha. Wanafunzi wangu huimba maana ya paskali kwa Kiingereza, darasa zima kwa sauti moja. Wakishaimba wanaiandika kwenye mtihani, wanapata alama zao, halafu wanaenda kuendesha bodaboda na kupima upepo wa tairi kwa kidole gumba. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu chenyewe ni nini hasa. Aliyeniuliza ni mama yangu, ambaye shule aliachia darasa la nne, na aliniuliza kabla chai yake haijapoa.

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwake Kibirizi. Kaka yangu wa Dar es Salaam alikuwa ametuma mashine ya kupimia presha. Kaka yangu ni mtoto mwema sana. Kigoma hajakanyaga miaka sita sasa, lakini kila akikumbuka kwamba ana mama, hutuma kitu kinachotumia betri. Alianza na tochi, ikafuata redio, ikafuata saa ya ukutani inayoadhini. Sasa ilikuwa zamu ya presha, kwa kuwa mama alikuwa amepimwa kliniki mwezi uliotangulia, akakutwa nayo ya juu, na akaandikiwa vidonge viwili kila siku.

Nilimkalisha kitini, nikamfunga kile kitambaa mkononi, nikabonyeza. Mashine ikanguruma, kitambaa kikajaa upepo, kikamkaba mkono, kisha kikaanza kulegea taratibu. Ikaandika mia sabini na mbili juu, mia na nne chini. Pembeni kulikuwa na herufi ndogo ndogo, na mama, ambaye macho yake yamezoea kusoma mizani kutoka upande wa pili wa meza, aliziona kabla yangu.

"Hizo ndogo zinasema nini?"

"Ni kipimo chake, mama. Milimita za zebaki."

"Milimita ni za rula."

"Ndiyo, za rula."

"Sasa hii imenipima presha au imenipima urefu?"

Mwalimu mwenye akili angejibu kwa maneno mawili na kumwachia mama yake anywe chai. Mimi nilisimama. Nilimweleza kwamba zebaki ni yale madini meupe yanayotiririka kama maji, ambayo zamani yalikuwa kwenye vipima joto, na kwamba mashine za madaktari wa zamani zilikuwa na mrija wa kioo wenye zebaki ndani. Presha ikiisukuma, zebaki inapanda mrijani, na daktari anasoma imepanda milimita ngapi. Kwa hiyo damu yako, mama, ina nguvu ya kuinua zebaki mpaka milimita mia sabini na mbili. Na kwa kuwa zebaki ni nzito kuliko maji zaidi ya mara kumi na tatu, kama ingekuwa maji, moyo wako ungeyapandisha mita mbili na zaidi, kupita juu ya mlango huu. Nikauonyesha mlango kwa kidole. Mama akautazama mlango kwa heshima.

Hapo ningenyamaza ningekuwa nimefanya kazi nzuri. Lakini nilikuwa nimepata mwanafunzi anayesikiliza, jambo ambalo sijalizoea, nikaendelea. Nikamwambia hata hewa hii tunayoivuta ina uzito, inatubana pande zote. Kule baharini inabana milimita mia saba na sitini za zebaki. Huku kwetu ziwani tuko juu zaidi, inakuwa kama mia saba hivi, na kule milimani Kalinzi kwenye kahawa ni pungufu zaidi.

Mama akaweka kikombe chini. "Yaani hewa ya bure imenibebesha mia saba tangu nizaliwe, na hakuna aliyenionea huruma. Leo hii mia na sabini yangu mwenyewe ndiyo mnapiga kelele?"

"Hapana, mama. Hizo za hewa mashine imeshazitoa. Inaanza kuhesabu juu ya hapo."

"Ahaa. Kama ndoo."

"Kama ndoo," nikasema, na moyoni nikajipa vema.

Asiyejua Kibirizi hataelewa nilivyofurahi. Mama yangu ameanika na kuuza dagaa pale mwaloni, maboti ya uvuvi yanaposhusha, tangu sijazaliwa, na kwa watu wa pale ndoo si jambo dogo. Mnunuzi hanunui plastiki. Kabla dagaa hawajapimwa, ndoo tupu inaning'inizwa kwenye mizani, wote wawili wanasoma, kisha uzito wake unatolewa kwa sauti watu wasikie. Mwanamke anayesahau kutoa ndoo anasahau mara moja tu, kwa sababu mara ya pili hana mnunuzi. Mama alikuwa akitoa ndoo kwa sauti iliyofika kwenye maboti. Kwa hiyo mama huyo alipoielewa hewa kwa mfano wa ndoo, nilijiona mimi ndiye mwalimu na wengine wote wanabahatisha.

"Na kitambaa?" akauliza.

"Kitambaa nacho!" nikasema, nikacheka, nikashika simu yangu, kwa sababu kundi la walimu la WhatsApp lilikuwa linaita.

Kesho yake nilikisimulia kisa hicho kwenye ofisi ya walimu, hasa hapo mwishoni, pa kitambaa. Walimu wenzangu walicheka sana. Mwalimu wa kemia alicheka mpaka akavua miwani.

Kabla sijaondoka Jumapili ile nilikuwa nimefanya mambo mawili ya busara. La kwanza, nilimpa mama daftari la mistari na kalamu, nikamwelekeza ajipime kila asubuhi kabla ya kwenda mwaloni, aandike namba ya juu na ya chini. La pili, nilimpa onyo. Nilisema, kwa sauti ninayoitumia kwa kidato cha pili, kwamba ikiendelea kuzidi mia na sitini, habari ya Kibirizi imekwisha, anahamia kwangu Bangwe. Kwangu kuna uzio, kuna sofa, kuna maji ndani. Ziwa linaonekana dirishani, na hakuna mtu wa kumpigia kelele wala wa kupigiwa.

"Sawa," mama akasema.

Mama yangu hajawahi kukubali bei ya kwanza maishani mwake. Alipokubali mara moja namna ile, mtu yeyote wa Kibirizi angejua kuna kitu. Mimi nilidhani ni nguvu ya hoja.

Daftari likaanza kuniletea raha. Kila Jumapili nilikwenda, nikafunua, nikakuta namba zimepangwa kwa mwandiko wake mkubwa unaoegemea kulia. Mia arobaini na mbili. Mia thelathini na tisa. Mia arobaini na nne, na pembeni ameandika "nilikula chumvi". Mia thelathini na sita. Nilikuja na kalamu nyekundu kutoka shuleni, nikaweka vema kila ukurasa. Ukurasa mmoja niliandika "Safi sana!" na kuweka sahihi. Mtu wa miaka sitini na nane, aliyetulea kwa dagaa mpaka mimi nikafika chuo, nilimwekea alama ya vema, na yeye akaitazama alama ile, akafunga daftari.

Sikumwona hata siku moja akijipima. Nitamwonaje? Mimi ni mwalimu, nasahihisha madaftari.

Mwezi wa tatu wa daftari tukaenda kliniki. Daktari alikuwa binti niliyemfundisha mwenyewe, mmoja wa wachache walioielewa kanieneo, au angalau mmoja wa wachache waliokaa madawati ya mbele. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akampima mama, akapata mia na sabini. Akakunja uso. Akasema kuna watu presha yao hupanda wakiona tu koti jeupe, kisha wakirudi nyumbani inatulia. Ndiyo maana anapenda kuona vipimo vya nyumbani.

Nikatoa daftari. Nilikuwa nimelifunika kwa karatasi ya kaki.

Daktari akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. "Hivi vipimo vimesimamiwa vizuri?"

"Mimi ndiye ninayesimamia," nikasema.

Hilo lilikuwa jibu langu, neno kwa neno. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama niliongeza "kwa kiasi fulani" au "siku za Jumapili". Sikuongeza. Mama alikuwa amekaa kando yangu na mtandio wake mpya, anatazama bango la kunyonyesha ukutani.

Mama alikuwa amelalamika kizunguzungu asubuhi. Daktari akasema, kwa namba hizi za nyumbani, huenda dawa zinamshusha kupita kiasi, basi tupunguze kwanza, anywe kidonge kimoja, aendelee kuandika. Nilimshukuru kwa niaba ya sayansi. Njiani nikamnunulia mama soda, nikamwambia amefaulu. Akanywa soda yake taratibu, akasema, "Ila usimwambie kaka yako, atatuma mashine nyingine."

Wiki tano baadaye nilikuwa darasani, kipindi cha tatu, simu ikaita. Alikuwa jirani yake, mama wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Burundi kabla hajazaliwa na ambaye kichanja chake cha kuanikia kiko bega kwa bega na cha mama. Huyo hapigi simu. Hubipu.

"Mwalimu, njoo. Mama amemwaga dagaa."

Ukiisikia ukiwa mbali unaweza kudhani ni habari ya dagaa. Mimi nilikaa chini palepale mbele ya wanafunzi arobaini na tano. Mama yangu hajawahi kumwaga dagaa. Amebeba beseni akiwa na mimba yangu, amelibeba siku aliyofiwa na baba yetu, amelibeba mvua ikinyesha kwenye mawe yanayoteleza, na hajamwaga.

"Ego, ndiyo, mwalimu, amemwaga. Mkono umekataa. Na mdomo umekwenda upande."

Hospitali mashine yao iliandika mia mbili na nane. Daktari yuleyule alikuja mbio, akaisoma, akaitazama tena, akanitazama mimi. Waliniambia ni kiharusi, kwamba kingeweza kuwa kibaya zaidi, kwamba amewahi kufikishwa na kwamba tusubiri. Nilikaa kwenye benchi la mbao nikasubiri. Nilisali kila sala niliyoifahamu, na katikati ya sala nikawa najikuta nabadilisha mia mbili na nane kuwa maji. Inafika karibu mita tatu.

Siku ya pili walisema hatari kubwa imepita. Nikaenda Kibirizi kumchukulia nguo. Ile mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na daftari kando yake. Nikakaa kitandani kwake, nikaichukua mashine kwa hasira, maana nilikuwa nimeshaamua ni mbovu, na kaka yangu nilikuwa nimeshamtungia ujumbe mrefu. Ina kitufe cha kumbukumbu. Sikuwahi kukibonyeza, kwani mwenye daftari lililofunikwa kwa kaki anahitaji kumbukumbu ya nini? Nikabonyeza.

Ikaniletea asubuhi ya jana, siku alipoanguka. Mia themanini na nne. Kwenye daftari: mia hamsini na nne. Nikabonyeza tena. Mia sabini na saba. Daftari: mia arobaini na saba. Mia sabini na moja, mia arobaini na moja. Namba za chini nazo vilevile. Nilirudi nyuma mpaka kumbukumbu ikaisha, na kila palipo na namba kwenye mashine, kwenye daftari palikuwa na namba ileile pungufu kwa thelathini. Hakukosea hata siku moja. Mimi nina wanafunzi wa kidato cha nne ambao hawawezi kutoa thelathini mara sabini mfululizo bila kukosea.

Na juu ya kila ukurasa, vema langu jekundu.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kanga za mama alizomfulia.

"Hii thelathini ni ya nini?" nikamuuliza.

Akashangaa kweli. "Si ya kitambaa? Kwani mwalimu hukujua? Alisema mliongea, ukacheka."

Akanieleza bila kusita, jinsi mtu anavyomweleza mgeni wa mwaloni. Mama alikuwa amekaa na mashine ile siku mbili akiichunguza. Aligundua kwamba namba zikianza kupanda kutoka sifuri, kitambaa bado hakimgusi. Kinajijaza chenyewe. Kinafika kumi, ishirini, bado kimelegea. Kikifika thelathini ndipo kinaanza kumshika mkono. Kwa hiyo mpaka thelathini ni kitambaa, na kuanzia hapo ndiyo yeye. Alirudia mara tano, na jirani alikuwa shahidi. Thelathini ilikuwa ndoo, na ndoo inatolewa.

Naomba nikiri jambo hapa. Hasira zangu zote zilikuwa tayari, na bado sehemu ya akili yangu ilisimama ikapiga makofi. Nimeomba vifaa vya maabara kwa miaka ishirini na miwili ili angalau mwanafunzi mmoja afanye hivyo tu: atazame kipimo, akitilie shaka, arudie mara tano, atafute shahidi. Mama alifanya hayo yote mezani kwake na akafikia jibu lenye makosa, kwa sababu mtu pekee ambaye angemwambia kosa liko wapi alikuwa ameshika simu, anacheka. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja akakaa mapajani kabisa.

Nilirudi hospitali nikiwa na daftari kwenye mkoba. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Mkono wa kulia umelala juu ya shuka, na maneno yake yalitoka taratibu, yamejaa mate, lakini yote yalikuwa yake.

"Umeikuta," akasema.

"Nimeikuta."

Nilikuwa nimepanga kupiga kelele. Badala yake nilivuta kiti. Nikamuuliza kama anakumbuka mizani ya bibi, ile ya zamani ya sahani mbili, upande mmoja unaweka mchele, upande wa pili unaweka jiwe la kilo.

Akaitikia kwa kichwa.

"Kitambaa si ndoo, mama. Kitambaa ni jiwe. Damu yako iko sahani hii, kitambaa kiko sahani ile. Kinakaza mpaka damu isimame kabisa. Halafu kinalegea kidogo kidogo, na pale damu inapopata nafasi ya kupenya, ndipo inaposomwa namba. Ile namba ndiyo uzito wa jiwe lililolingana na damu. Ukitoa thelathini, hujatoa ndoo. Umelichonga jiwe."

Pale Kibirizi mtu aliyechonga jiwe la mizani hatajwi hadharani mbele ya watoto. Mama alifumba macho. Nikaona ameelewa mpaka chini.

"Mbona siku ile hukusema jiwe?" akauliza.

Niliwahi kukaguliwa na wakaguzi wa elimu mara kadhaa. Hakuna aliyeniuliza swali gumu namna hiyo. Siku ile nilisema bahari, nikasema Kalinzi, nikasema zebaki mara kumi na tatu, nikaonyesha mlango. Jiwe sikusema. Nikaanza kulia, na mtu mzima akilia wodini wagonjwa wote hugeuka.

Akaniacha nilie kidogo. Kisha akasema, "Usijibebeshe zote. Ungesema jiwe, labda ningejifanya sijasikia."

"Kwa nini?"

"Ulisema ikizidi mia sitini unanipeleka Bangwe." Akapumzika, akameza mate. "Thelathini ilinifaa, mwanangu. Kila nikiitoa nakuta niko mwaloni."

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Mmoja alikuwa na kipimo asichokielewa na asichotaka kukielewa sana. Mwingine alikielewa kwa Kiingereza, akakigeuza fimbo ya kumtishia mama yake. Damu yake haikujua habari ya mapatano yetu, ikaendelea kusukuma kadiri ilivyokuwa inasukuma.

Sasa mama yuko Bangwe. Tishio langu limetimia, nami nimelipata nililolitaka, nampikia uji usio na chumvi na anaunywa kwa uso wa mtu anayelipa faini. Sofa haipendi. Anasema inammeza. Nimemwekea kiti cha mbao dirishani, na hapo hukaa asubuhi akitazama maboti yanayorudi upande wa Kibirizi, akinitajia kwa mbali lipi limejaa na lipi limerudi na taa za kuvulia tu. Mkono wa kulia umeanza kufumba kidogo. Jicho la kulia halijarudi vizuri, haoni maandishi ya karibu. Kwa hiyo namsomea mimi na kuandika ni mimi. Daftari ni jipya. Kalamu nyekundu nimeiacha shuleni.

Dawa zimerudishwa, na nyingine imeongezwa. Na daktari, ambaye ana huruma kuliko mwalimu wake, alimpa mama ahadi. Alimwambia, akipata siku saba mfululizo chini ya mia na hamsini, atamruhusu arudi kwake Kibirizi. Asibebe kitu, akae tu kwenye kigoda kando ya kichanja chake na kutoa amri. Mama aliuliza ahadi hiyo mara tatu ili asikie haibadiliki. Kisha akamwagiza jirani, naye akaja na mfuko wenye kokoto saba kutoka mwaloni, zile zinazotandazwa chini ya dagaa. Mama akazipanga kwenye kizingiti cha dirisha. Kila asubuhi tukishapima, ikiwa namba ni nzuri, anasogeza moja kwenda kulia.

Wiki mbili za kwanza alisogeza mbili, akazirudisha. Akasogeza nne, akazirudisha. Kisha ikaja wiki ambayo zilikwenda zenyewe. Mia arobaini na sita. Mia arobaini na nne. Mia arobaini na nane, hapo tulibana pumzi wote wawili. Mia arobaini na moja. Mia thelathini na tisa. Mia arobaini na tatu. Kokoto sita zikawa upande wa kulia, ikabaki moja. Jioni hiyo alimpigia jirani, akamwambia afagie chini ya kichanja.

Asubuhi ya siku ya saba alivaa kanga mpya. Nilimfunga kitambaa mkono wa kushoto. Hakuongea, miguu ameikanyaga chini, mgongo kitini, kama tulivyoelekezwa. Nikabonyeza. Mashine ikaandika mia sabini na tatu.

Nikasema imegoma kidogo, tupumzike dakika tano turudie. Tukapumzika. Sikumtazama. Nikabonyeza tena, nikaangalia namba zikishuka, na nikajikuta naziomba zishuke, mimi mwenye shahada, nazibembeleza. Zikasimama. Mia sabini na moja.

"Ngapi?" mama akauliza. Macho yake yalikuwa kwenye ile kokoto moja.

"Mia arobaini na moja," nikasema.

Sikupanga. Namba ilitoka kinywani imeshapunguzwa, thelathini kamili, bila kukosea. Kalamu ilikuwa mkononi na daftari limefunguka mapajani. Niliona kigoda, niliona kichanja kilichofagiwa, na nilidhani ninampenda.

Mama alinyoosha mkono wake mzima kuelekea kokoto. Akaishika. Hakuisogeza. Alikaa hivyo, kidole juu yake, akisikiliza kitu, nadhani alikuwa anaisikiliza sauti yangu. Ameishi maisha yake yote kati ya watu wanaosoma mizani kwa sauti, na anajua mtu anavyosikika akiwa ameisoma na anavyosikika akiwa ameitengeneza.

"Mwanangu," akasema. "Jiwe limesema ngapi?"

Boti moja lilikuwa linaingia, limejaa. Yeye hakulitaja.

"Mia sabini na moja."

"Andika hiyo."

Nikaandika. Mwandiko ukaegemea kulia kama wake. Aliponisikia nimemaliza, akaanza kuzirudisha zile sita upande wa kushoto, moja moja, kwa mkono mmoja, akihakikisha zimepangana na ile ya saba. Kisha akaniomba simu, ili amwambie jirani kwamba leo haji.